Chumba cha Mama na Banda la Gari

Katika nchi yetu mtu akijenga nyumba mpya husifiwa. Kiwanja kilikuwa kitupu, sasa kina kuta na bati linalong'aa, na wapitao njia husema fulani naye amejenga. Lakini mtu akiongeza vyumba kwenye nyumba ya zamani hasifiwi, huulizwa maswali. Kwa nini asijenge yake? Nyumba ile ni ya nani hasa? Amewauliza ndugu zake? Akifa leo, chumba hicho kitakuwa cha watoto wake au cha ukoo? Mimi niliulizwa maswali haya yote mwaka 2017, nikiwa mstaafu wa miaka sita, nilipoanza kuongeza chumba, bafu na banda la gari kwenye nyumba ya marehemu Baba. Naandika habari hii kwa sababu naona familia nyingi zinafika pale tulipofika sisi: wazazi wamezeeka, nyumba zao ni za zamani, watoto wametawanyika, na hakuna anayejua aanzie wapi.

Nyumba yenyewe ipo kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, ndani ya kihamba ambacho Baba alikirithi kwa baba yake. Msomaji asiye wa huko afahamu kwamba kihamba si shamba tu. Ni migomba na kahawa, ni zizi la ng'ombe, ni nyumba, na ni makaburi ya waliotangulia. Baba alijenga mwaka 1956. Miaka ile kahawa ilikuwa na bei nzuri, na wakulima wengi waliouza kupitia chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, waliweza kuacha nyumba za majani wakajenga za bati. Tanganyika haikuwa na kiwanda chake cha saruji wakati huo. Kile cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966. Saruji iliyotoka nje ilikuwa ghali, na mtu aliinunua kwa kuhesabu mifuko kama anayehesabu vidole. Kwa hiyo kuta za Baba ni za mawe yaliyoshikwa kwa udongo. Saruji aliitumia kwenye sakafu tu, na kuipaka juu ya kuta ili mvua isile ule udongo. Kulikuwa na sebule na vyumba vitatu. Jiko lilikuwa nje. Choo kilikuwa mbali zaidi, hatua kama thelathini, ng'ambo ya migomba. Na ili kuingia ndani, ulipanda ngazi nne.

Tulikulia humo watoto wanne: mimi, dada zangu wawili, na mdogo wetu wa mwisho aliyezaliwa mwaka 1969. Hakuna aliyeona kasoro katika ngazi nne wala katika hatua thelathini za kwenda chooni. Nyumba ilijengwa na watu wenye miguu mizima, kwa ajili ya watu wenye miguu mizima.

Baba mwenyewe alipata kutaka kuiongeza. Ilikuwa mwaka 1981. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni zilikuwa haba, na rafu za maduka zilikuwa tupu. Saruji, mabati na hata misumari vilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kungoja. Baba alingoja. Alikuwa ameshakusanya mawe ya msingi, lundo kubwa nyuma ya jiko, na alikuwa amechora vyumba viwili kwa penseli katika daftari la mazoezi aliloniomba mimi, mwalimu kijana. Kibali hakikuja. Mwaka 1989 utaratibu wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ukasimamishwa, bei ikaporomoka, na hamu ya kujenga ikaporomoka pamoja nayo. Mwaka 1994 Baba akafariki. Lile lundo la mawe likaota majani, mijusi wakahamia.

Sasa nije kwenye sababu ya ujenzi wetu. Usiku mmoja wa Aprili mwaka 2016, masika ikiwa imepamba moto, Mama alitoka kwenda chooni, akateleza kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Alikuwa na miaka 84. Gari langu lilibidi lisimame barabarani, kwa maana njia ya kuingia nyumbani ilikuwa tope tupu. Vijana wanne wa jirani walimkalisha Mama kwenye kiti cha sebuleni wakambeba hadi kwenye gari, mimi nikiwamulikia kwa tochi. Hakulia. Alishika mikono ya kiti na kuwaambia vijana wale waangalie wanapokanyaga.

Alitibiwa, akarudi baada ya majuma mengi, lakini alirudi na kiti cha magurudumu. Mimi, kama mtoto wa kwanza, nilishapewa zamani sehemu yangu ya kihamba, nami nilijenga huko, mwendo wa dakika tano kutoka kwa Baba. Mke wangu alitandika chumba, tukaenda kumchukua Mama. Akakataa. Alisema kwa Kichagga, nami natafsiri: "Baba yenu yuko hapa. Mkinihamisha, nani atamwamkia asubuhi?" Kaburi la Baba lipo upande wa mashariki wa nyumba, hatua chache kutoka dirisha lake, limezungukwa na masale. Tulijua kwamba hapo mjadala umekwisha. Kama Mama haendi kwenye chumba, basi chumba kitamfuata Mama.

Lakini hapo ndipo ugumu wenyewe ulipoanza. Kwa desturi ya Wachagga, nyumba ya baba hurithiwa na kitinda mimba. Mtoto wa kwanza hupewa sehemu yake mapema, na wa mwisho hubaki na wazazi, huwatunza, na nyumba huwa yake. Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, naye hakuwa amefika kumtunza mtu, lakini haki yake ya desturi hakuna aliyeitilia shaka. Kwa hiyo mimi, kaka mkubwa mwenye nyumba yangu, nilitaka kutumia sehemu ya kiinua mgongo changu kujenga kwenye nyumba ambayo si yangu wala haitakuwa yangu. Wapo walioniita mjinga. Wapo pia walioniita mjanja, yaani wakidhani kwamba nataka kutia mguu mmoja ndani, kisha wa pili.

Kwetu Desemba ndio mwezi wa kukutana. Magari hupanda mlima kutoka kila pembe ya nchi, nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa madirisha, na mambo ya ukoo huzungumzwa baada ya nyama. Tulikaa siku ya pili baada ya Krismasi, mwaka 2016, watoto wote wanne, na Mama kwenye kiti chake. Nilieleza mpango wangu. Mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema:

"Kaka, sikatai Mama ajengewe. Nitakuwa mtu gani? Lakini siku moja nitarudi hapa. Nikikuta nyumba ya Baba ina mlango wako na ufunguo wako, nitapiga hodi kwetu?"

Sikumjibu upesi. Katika miaka yangu ya ualimu mkuu nilijifunza kwamba swali la haki likijibiwa kwa upole tu, hurudi likiwa na hasira. Linahitaji kujibiwa kwa maandishi. Nikachukua kalamu.

Kabla sijaandika lolote, dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi mstaafu, aliingilia. "Nyie mnagombea ufunguo," alisema. "Mama ataogeshwa na nani? Na sisi. Basi bafu tutalipanga sisi." Tukacheka, hata Mama akacheka, na mkutano ukalegea. Ukweli ni kwamba ramani ya chumba kile ilitoka kichwani mwa dada huyo. Alitaka mlango wa upana wa sentimita 90, maana kiti cha magurudumu hakipiti kwenye mlango mwembamba bila kumchubua mtu vidole. Alitaka bafu lisilo na kizingiti, sakafu isiyoteleza, na vyuma vya kushikia ukutani kando ya choo, vifungwe kwenye zege na si kwenye plasta. Na pale penye tofauti ya kimo, alitaka mteremko badala ya ngazi: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita kumi na mbili za urefu. Mteremko mkali kuliko huo, alisema, ni wa kumwangusha mgonjwa na mtunzaji wake pamoja.

Muhtasari tulioandika ulikuwa na mambo matano. La kwanza, nyongeza ni sehemu ya nyumba ya Baba na haina mwenye nyumba wake peke yake. La pili, michango ya kila mmoja itaandikwa ili ikumbukwe, si ili idaiwe. La tatu, funguo zitakuwa seti mbili, na moja itakwenda kwa mdogo wetu siku ile ile milango itakapofungwa vitasa. La nne, Mama akiwa hai hakuna atakayegeuza matumizi ya chumba. La tano, dada zetu wakija, wawe wameolewa, wajane au vyovyote vile, chumba hicho ni chao pia kufikia. Tulitia sahihi wote wanne, na mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Baadaye tulianza taratibu za kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu hati hiyo kutolewa kwa jina la mtu mmoja, la familia au la kikundi, nasi tuliomba kwa jina la familia. Namshauri msomaji mwenye nyumba ya wazazi ayafanye haya kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Ukuta ukishasimama, kila neno la ndugu husikika kama madai.

Ujenzi wenyewe ulianza Juni mwaka 2017, masika ilipokwisha. Ujenzi si jambo geni kwangu. Chuo cha ualimu tulichosoma sisi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kilifuata Elimu ya Kujitegemea, na wanachuo tulifyatua matofali kwa mikono yetu. Tena mwaka 2002 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, walimu wakuu tuligeuka wasimamizi wa ujenzi wa madarasa. Huko nilijifunza mambo mawili ambayo sikuyaacha: kuandika kila mfuko unaoingia stoo na kila mfuko unaotoka, na kubandika hesabu mahali ambapo kila mtu ataziona. Safari hii ubao wa matangazo ulikuwa kundi la WhatsApp la ndugu wanne. Kila Jumamosi niliandika: saruji kiasi gani, mchanga safari ngapi, fundi amelipwa hatua ipi. Kazi yote ilikula mifuko 131 ya saruji na matofali 900 ya nchi sita, na hakuna aliyewahi kuniuliza fedha zimekwenda wapi.

Fundi wetu alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kupima. Alizunguka nyumba mara tatu, kisha akaenda kuzungumza na mzee jirani yetu. Upande wa mashariki kulikuwa na kaburi, haugusiki. Upande wa chini ulikuwa na ngazi na bonde. Upande wa magharibi palikuwa na jiko. Ulibaki upande wa juu, unaoelekea barabara ya kijiji, ambako ardhi imeinuka karibu usawa wa sakafu ya nyumba. Palifaa kwa Mama, maana hapakuwa na haja ya ngazi, na palifaa kwa gari, maana barabara ipo huko. Lakini mzee jirani alimwambia fundi kwamba hapo zamani ulipita mfongo, yaani ule mfereji wa asili ambao wazee wetu waliuchimba kuleta maji ya mto mashambani. Mimi nimekulia pale, na mfongo huo nilikuwa nimeukuta umeshakauka. Fundi akachimba shimo la kujaribia, akakuta kweli tabaka la changarawe chini ya udongo mwekundu. "Maji ya masika bado yanaijua njia hii," alisema. Kwa hiyo kabla ya msingi tulichimba mtaro kuzunguka upande wote wa juu, tukaweka bomba lenye matundu, tukalifunika kwa mawe na kokoto, ili maji yanayotoka mlimani yapitie pembeni badala ya kwenda kuulainisha msingi.

Kisha likaja suala la kuunganisha ukuta mpya na wa zamani. Sote tumelelewa na methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeiandika ubaoni mwaka hata mwaka. Kwa hiyo nilishangaa niliposikia mabishano kati ya fundi na kijana wake mmoja aliyetoka mjini. Kijana alitaka kutoboa ukuta wa Baba, kuingiza nondo, na kuushona ule mpya humo humo, viwe kitu kimoja. Fundi alikataa katakata.

"Mwalimu," aliniambia, "ukuta wa mzee umeshakaa. Una miaka sitini umekaa. Huu wetu ndio kwanza utaanza kukaa. Ukiwafunga pamoja, mmoja akishuka atamvuta mwenzake. Tuache ufa."

Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mwanafunzi. Akasema kila jengo jipya hushuka kidogo katika miaka yake ya mwanzo, udongo ulio chini yake ukibanwa na uzito. Lile la zamani lilishamaliza kushuka. Tena ukuta wa mawe na udongo hauna ugumu sawa na wa matofali ya saruji. Jua na mvua huutanua na kuusinyaa kwa namna yake. Ukivilazimisha kuwa kitu kimoja, ufa utatokea tu, ila utatokea unapotaka wenyewe, na utapita katikati ya ukuta dhaifu, yaani wa zamani. Ni afadhali kuuchagulia mahali. Basi ukuta mpya ulisimama kwenye msingi wake na nguzo zake, na kati yake na ukuta wa Baba tukaacha nafasi ya vidole viwili kutoka chini hadi juu. Ndani yake tulijaza kitu laini kinachobonyea. Upande wa nje tulifunika kwa bati na upande wa ndani kwa ubao, vyote vikapigiliwa misumari upande mmoja tu, ili upande wa pili uwe huru kusogea.

Kwenye paa alifanya vivyo hivyo. Ukuta wa upande wa juu ndio ule wenye kichwa cha pembetatu, hivyo maji ya paa la zamani hayamwagikii huko. Paa jipya lilikaa chini kidogo ya lile la zamani, likiwa na kenchi zake lenyewe. Pale lilipogusana na ukuta wa Baba tulichimbia bati jembamba ndani ya ukuta, likalala juu ya paa jipya bila kupigiliwa. Na mlango wa kutoka sebuleni kwenda chumba kipya hatukuutoboa upya. Palikuwa na dirisha. Tukakata ukuta wa chini ya dirisha hadi sakafuni na kupanua upande mmoja kidogo, baada ya kupitisha lenta mpya ya zege juu yake na kuiacha ikomae majuma manne. Kubomoa ukuta wa mawe na udongo bila kuushika kwanza juu ni kualika mawe yakuangukie kichwani.

Mawe ya msingi hatukununua. Tulifukua lile lundo la nyuma ya jiko, vijana wakalibeba kwa karai siku mbili. Lilitosha robo tatu ya msingi. Mama aliomba asogezwe dirishani, akawa anaangalia. Lilipobaki tabaka la mwisho alisema kwamba ng'ombe mmoja aliuzwa ili kulipia usafiri wa mawe hayo, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa analijua.

Sasa nizungumze juu ya banda la gari, kwa sababu ndilo lililoleta maneno mengi kijijini. Wengi wetu tukisema gereji tunamaanisha mahali mafundi wanapotengenezea magari. Habari zilipoenea kwamba Mwalimu anajenga gereji, kijana mmoja wa bodaboda alikuja na pikipiki yake akauliza tutafungua lini. Wengine waliona ni majivuno ya mstaafu: gari kuukuu kupewa chumba wakati watu wanalala watatu kitanda kimoja. Sikubishana nao. Banda lile halikujengwa kwa ajili ya gari, lilijengwa kwa ajili ya mlango wa gari, yaani lile eneo la hatua mbili ambapo mgonjwa hutolewa kwenye kiti na kuingizwa garini. Nilitaka hatua hizo mbili zisiwe kwenye mvua, kwenye tope wala gizani.

Lilikuwa na upana wa mita tatu na nusu na urefu wa mita sita na nusu, ili milango ya gari ifunguke wazi na kiti cha magurudumu kipite kando. Sakafu yake iliwekwa chini ya sakafu ya chumba kwa sentimita 15, ikiinamia geti, ili maji ya mvua, mafuta au petroli iliyovuja visiingie ndani. Tofauti hiyo ya sentimita 15 ilitaka mteremko wa karibu mita mbili, na ulienea kando ya ukuta. Mlango kati ya banda na chumba ulikuwa wa mbao nzito unaofunga barabara, na juu ya kuta za banda tuliacha matundu ya hewa yasiyozibwa. Dada yangu muuguzi alisisitiza hili, nami nalisisitiza kwa kila msomaji: injini isiachwe ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache za kupasha moto asubuhi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki, na huua watu wakiwa usingizini. Nje tulimwaga zege mistari miwili tu, ya kupitia matairi, kutoka barabarani hadi getini. Maji ya paa jipya tuliyaelekeza kwenye tangi la lita 5,000. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji, na mlimani kwetu masika haina uchoyo.

Mama aliingia chumbani kwake Novemba mwaka huo. Mdogo wangu alipokea seti yake ya funguo kwa basi, ndani ya bahasha, pamoja na nakala ya hesabu. Hakusema kitu, ila mwezi uliofuata alileta fedha za kununulia kitanda kinachoinuka upande wa kichwa. Mama alimwamkia Baba kila asubuhi kupitia dirisha la mashariki, na jioni akasukumwa hadi bandani kuota upepo geti likiwa wazi, akihesabu watu wanaotoka sokoni. Usiku mara tatu tuliondoka kwa dharura, mara mbili mvua ikinyesha, na mara zote tatu aliingia garini akiwa mkavu.

Aliishi humo zaidi ya miaka minne. Alifariki Aprili mwaka 2022, kitandani mwake, dada zangu wote wawili wakiwepo. Siku ya mazishi mvua ilikuwa kubwa. Turubai zililemewa, na wazee wakahamishiwa ndani ya banda la gari, wakakaa kwenye mabenchi kando ya ule mteremko wa kiti cha magurudumu. Waliokuwa wamesema maneno walikuwa miongoni mwao.

Baada ya matanga watu wengi walitutazama waone tutafanya nini, maana jambo la nne katika muhtasari lilikuwa limekwisha muda wake. Hatukufanya lolote. Niliurudisha ufunguo wangu kwenye msumari sebuleni, mahali Baba alipokuwa akitundika kofia yake. Mwaka 2024 mdogo wangu alistaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, akarudi na mkewe kuishi katika nyumba ya Baba, kama desturi ilivyotaka. Hakupiga hodi popote. Dada zetu wakija hulala kwenye chumba cha Mama, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ule ufa wa vidole viwili upo. Kila baada ya masika naukagua. Katika miaka miwili ya mwanzo ukuta mpya ulishuka kiasi cha unene wa kidole, ubao ukateleza juu ya plasta kama fundi alivyosema, na ukuta wa Baba hauna hata mchirizi. Mdogo wangu amenunua pikapu ya kubebea migomba, nayo ndiyo inayolala bandani siku hizi. Gari langu hulala nje kwangu, chini ya mparachichi, na msimu wa matunda huwa na alama za kugongwa juu ya boneti. Mke wangu anasema sasa tujenge banda letu. Nimemwambia tuanze kwa kuwaita watoto, tuandike kwanza.